Keto ya Bi Harusi, Keto ya Mwanangu



Mwezi uliopita alinijia bi harusi kujaribisha gauni lake kwa mara ya pili. Nilipomvisha, kiuno kilikuwa kinaelea. Nikachomeka pini huku na huku, nikapima, inchi mbili na nusu zimepotea. "Niko kwenye keto, dada," akaniambia huku akijigeuza kwenye kioo. "Nimeacha wali, nimeacha mkate, nimeacha sukari. Mama analia, anasema nitafika kwa mume sina nyama." Tukacheka. Chini ya meza yangu ya kukatia alikuwa amekaa mwanangu na bati lake la vifungo, anavipanga kwa rangi. Yule bi harusi akainama kumtazama, akasema, "Na huyu mpe chakula jamani, mbona mwembamba?"

Sikumjibu. Ningemjibu ningemwambia kwamba huyo aliye chini ya meza naye yuko kwenye keto, huu mwezi wa ishirini na moja, na hakuianza ili aenee kwenye gauni.

Wengi mnanijua kwa mashela na lesi. Leo sitaandika habari za nguo. Nimelikwepa jambo hili muda mrefu kwa sababu watu wangu wa karibu wanasoma, na kwa sababu kila nikitaka kuliandika naona kama najisifu au najililia. Lakini katika wiki tatu nimepigiwa simu na kina mama wawili wakiniuliza, "Nasikia mtoto wako umemponyesha kwa mafuta ya nazi?" Hapana. Sikumponyesha. Basi bora niseme mwenyewe ilivyokuwa.

Nyumbani tunamwita Babuu. Ana miaka minane kasoro miezi. Kifafa kilimwanza kabla hajatimiza miaka miwili, na usonji tuliambiwa alipokaribia minne, ingawa mimi nilishaona zamani. Ukimwita hageuki. Hanyooshi kidole kukuonyesha ndege. Alikuwa na maneno matatu, mama, maji na paka, yakapotea moja baada ya jingine, paka likawa la mwisho. Daktari alinieleza kwamba vitu hivi viwili hukutana mara nyingi katika mtoto mmoja, na kwamba kimoja si adhabu ya kingine, na vyote viwili si adhabu yangu. Hilo la mwisho nililihitaji kuliko dawa.

Kifafa chake kilikuwa cha namna mbili. Kuna kile cha kukakamaa na kutingishika ambacho kila mtu anakijua. Na kuna kile kilichonitoa machozi zaidi, cha kuanguka. Mtoto amesimama, hana dalili yoyote, mara nguvu zinamtoka mwili mzima, anadondoka kama nguo iliyotoka kwenye msumari. Kidevu kimeshonwa mara mbili, nyusi mara moja. Nilimshonea kofia, ndani nikaweka sponji ya godoro tabaka mbili, kamba inafungwa chini ya kidevu. Wateja wakawa wananiuliza ni mtindo gani huo. Nilikuwa na daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma nikawa naandika idadi yake. Siku nzuri mara saba. Siku mbaya niliacha kuhesabu baada ya ishirini.

Kisomo tulisoma, na hadi leo tunasoma. Sina ugomvi na Qur-ani, naiweka juu ya kila kitu. Ugomvi wangu ni na mtu mmoja aliyetuambia kwamba dawa za hospitali zinamzuia jini asitoke, kwa hiyo tuzisitishe kwanza. Tukazisitisha. Siku ya tatu Babuu akashikwa alfajiri, kikawa hakikatiki. Zaidi ya nusu saa. Alilazwa siku sita, na siku mbili za mwanzo hakunitambua. Wapenzi, dawa ya kifafa haiachwi ghafla, kwa neno la mtu yeyote, awe na kilemba kikubwa namna gani. Hata daktari akitaka kuiondoa huipunguza kidogo kidogo. Na mtu akishikwa mbele yako mlaze ubavu, ondoa vitu vikali karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano, mkimbize hospitali. Mate yake hayaambukizi. Nimeona mtoto wangu akiachwa chini na watu wazima wakirudi nyuma, wanaogopa povu.

Tulianza na fenobabitoni, tukaenda valproeti, tukaongezewa ya tatu. Zilisaidia kidogo, kisha zikasimama hapo. Tukapanda boti kwenda Dar es Salaam kwa daktari wa mishipa ya fahamu, naye akatueleza kwa utaratibu. Kama dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa na kutumika kwa kipimo sahihi zimeshindwa, basi ya tatu au ya nne nayo ina nafasi ndogo ya kukizuia kabisa. Katika kila watu watatu wenye kifafa, karibu mmoja yuko hivyo. Kisha akauliza, "Mama Babuu, unaweza kupika kwa mizani?"

Nilidhani ananitania.

Mtaalamu wa lishe aliyetukutanisha naye ni dada mpole, anaongea taratibu. Alinichorea kwenye karatasi. Mwili wa kawaida unatumia sukari inayotoka kwenye wanga. Ukiunyima wanga na ukaupa mafuta mengi, ini linatengeneza kitu kinaitwa ketoni, na ubongo unajifunza kuzitumia badala ya sukari. Kwa baadhi ya watoto, ubongo unaotumia ketoni unatulia. Tangu zamani watu waliona mgonjwa wa kifafa akikaa bila kula, kifafa kinapungua, ila hakuna anayeweza kukaa hivyo siku zote. Mwaka 1921 daktari mmoja wa Mayo Clinic kule Marekani, Russell Wilder, akafikiria chakula kitakachoufanya mwili ujione kama haujala ilhali umekula, na jina la keto likatoka hapo. (Mashoga, msije mkasema basi tumfungishe mtoto. Saumu yetu ni ibada, tunafuturu na tunakula daku. Haya ni mambo mengine.)

Ikatumika miaka kadhaa, kisha 1938 ikagundulika fenitoini, na nani atahangaika na mizani wakati kipo kidonge? Ikakaribia kusahauliwa. Ilirudi miaka ya tisini kupitia mtoto mmoja wa Marekani, Charlie, mwana wa mtengeneza filamu Jim Abrahams. Dawa zilimshinda, akapelekwa Johns Hopkins, akawekwa kwenye chakula hiki, kifafa kikakoma. Baba yake akaanzisha taasisi kwa jina lake mwaka 1994 na akatengeneza filamu iliyotoka 1997, mama wa mtoto akiwa Meryl Streep. Nikamuuliza yule dada, "Kwa hiyo na wangu kitakoma?" Hakunidanganya. Akanitolea majibu ya utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2008, watoto 145 ambao dawa zimewashinda. Baada ya miezi mitatu, waliokula keto asilimia 38 kifafa chao kilipungua kwa zaidi ya nusu. Waliobaki na chakula cha kawaida, asilimia 6 tu. Wachache sana walipona karibu kabisa. "Zaidi ya nusu ya waliojaribu hawakufika hata huko kwenye nusu," akasema. "Tunajaribu miezi mitatu, isiposaidia tunaacha."

Nikaona huyu ni mkweli. Nikamwambia mume wangu, tujaribu.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa nyinyi mnaojipunguza kwa ajili ya harusi, maana nimewaona mnatumiana orodha za vyakula kwenye simu. Keto yenu na hii ni majirani wa jina tu. Kabla ya kuanza, Babuu alipimwa damu, mkojo, figo, ini, mafuta ya damu. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro, miili yao haiwezi kuyachoma mafuta, na mtoto huyo ukimpa chakula hiki unaweza kumuua. Huwezi kumjua kwa macho. Ndiyo maana wale kina mama wawili walioniomba orodha ya vyakula vyake niliwakatalia, wakaona nina choyo. Kila gramu inahesabiwa kwa umri, uzito na dawa za mtoto huyo mmoja. Yapo mapishi makali zaidi, mafuta gramu 4 kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa. Babuu yuko kwenye 3 kwa 1. Wanga anaoruhusiwa kwa siku nzima ni gramu 15 hivi. Wali mweupe uliopikwa, gramu 100 tu, ambao ni viganja viwili vya mtoto, una wanga gramu 28. Tende moja kubwa ya kuletewa kutoka Madina ina kama gramu 18. Tende moja!

Na hapo ndipo nilipokaa chini nikalia, kwa sababu mwanangu wakati ule alikuwa anakula vitu vinne duniani. Boflo, chipsi, biskuti za maziwa na wali mweupe usio na mchuzi. Kila mama wa mtoto mwenye usonji anajua ninachosema. Si deko. Ukimwekea kitu cha kijani kwenye sahani anapiga kelele kama umemchoma. Vitu vyake vyote vinne ni wanga mtupu. Nikamwambia yule dada wa lishe, hili halitawezekana, huyu atakufa njaa. Akaniuliza anapenda nini katika hivyo vinne: rangi, ladha, au mlio wa kukatika mdomoni? Sijawahi kuulizwa swali la namna hiyo. Nikafikiri. Ni weupe, na ni ile kukatika.

Ilinichukua wiki tatu kabla hata ya kuanza. Nilipika ute wa mayai mweupe, mwembamba kama chapati, nikaukata vipande vya umbo la biskuti ile ile kwa kutumia kopo, nikaukausha kwenye oveni mpaka ukakatika kwa mlio. Nikauweka kwenye karatasi ya biskuti. Siku ya kwanza aliutupa. Ya pili aliutupa. Siku ya tisa aliulamba. Samli nikaigandisha kwenye friji na kuifanya vibonge vidogo, kumbe baridi anaipenda. Parachichi mpaka leo hataki kulisikia, na kila mapishi ya keto yana parachichi. Hayo mapishi ya mtandaoni nayo ni mtihani, nusu yake nyama ya nguruwe, nusu nyingine jelatini usiyojua imetoka kwa mnyama gani. Nilifungua hadi vidonge vya vitamini kuuliza ganda lake ni la nini.

Nazi ilinidanganya mwanzoni. Nikajua hapa tumepata, kisiwa chote nazi! Nikawa nakuna na kukamua kasimele mwenyewe. Kijiti cha mkojo kikawa leo kimeiva, kesho kimepauka, sijui kwa nini. Yule dada akacheka. Tui la kukamua nyumbani kila siku lina mafuta tofauti, inategemea nazi yenyewe imekomaa vipi, maji umetia kiasi gani, mkono wako leo una nguvu gani. Kwa mchuzi haidhuru. Kwa mizani ya gramu inadhuru. Sasa natumia mafuta ya nazi na tui la kopo lililoandikwa viwango vyake, na nazi zangu tunazila sisi wengine.

Vijiti vyenyewe wifi yangu anatuletea kutoka Muscat. Unachovya kwenye mkojo, ukienda kwenye zambarau iliyoiva ujue ketoni zipo. Babuu alikuwa bado wa nepi, hawezi kukojoa kwenye kikombe, basi naweka pamba ndani ya nepi, nikiitoa naikamulia juu ya kijiti. Nawaambia haya ili mjue ni kazi ya namna gani. Chakula chote kinapimwa, na kila kilichopimwa lazima kiliwe, kwa hiyo sahani inakwanguliwa kwa mwiko laini wa mpira, yale mafuta yaliyobaki pembeni nayo ni dawa.

Wiki ya kwanza alitapika na kulala sana, tulikuwa tumelazwa Dar ili sukari yake iangaliwe. Kufunga choo kulimsumbua miezi. Na mwezi wa pili, alipokuwa ameanza kutulia, akapata mafua. Nikampa dawa ya kikohozi ya maji kutoka duka la dawa, kijiko kimoja tu, akili yangu iko kwenye oda ya magauni manane. Kesho yake kijiti cheupe, na vifafa tisa. Sharubati ya dawa ni sukari! Sikuwaza. Tangu hapo kwenye mkoba wangu ipo barua ya daktari inayosema mtoto huyu asipewe dawa ya maji yenye sukari, wala asitundikiwe dripu ya sukari ila kama sukari yake ya damu imeshuka.

Lakini siku ambayo sitaisahau ni ya harusi ya shemeji yangu. Mwezi wa nne huo. Babuu alikuwa ameshuka kutoka ile hali ya kumi na kitu hadi mara mbili tatu kwa siku, na nilikuwa nimethubutu kumvua ile kofia kwa ajili ya harusi. Nikamshonea kanzu, nikamwacha na mamkwe wangu dakika kumi nikamsaidie bi harusi kufunga kifungo cha shela. Niliporudi, mtoto yupo mapajani mwa bibi yake, vidole vimejaa halua. Bi mkubwa anatabasamu. "Kala, mwanangu, kala mwenyewe! Alikuwa ananitazama kwa huruma." Nilipiga kelele. Mbele ya wageni, mbele ya wakwe wapya, na ngoma imenyamaza. Nilimwita kwa jina lake mkwe wangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya wala sikulelewa hivyo.

Usiku ule kilimshika mara kumi na moja. Bi mkubwa alikaa mlangoni hakuingia. Alfajiri akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni ile halua?" Nikamwambia ndiyo. Ningeweza kumwambia si hiyo. Mume wangu alisema baadaye ningemwambia si hiyo.

Tulikaa wiki mbili hatusemeshani zaidi ya salamu. Mimi nilikuwa nangoja aniombe radhi, naye nadhani alikuwa anangoja nimwombe mimi, na kwa haki ya umri na ya mama wa mume wangu, mimi ndiye niliyepaswa kuanza. Nilikwenda. Nilimbusu mkono, nikamwomba radhi ya kelele, siyo ya kile nilichosema. Akaniambia, "Mimi nimelea watoto saba kwa kuwalisha. Hujui ilivyo kumwona mtoto anakuomba ukamnyima." Nikamjibu, "Najua, mama. Namnyima kila siku." Akanyamaza. Wiki iliyofuata kilikuja kikopo cha samli kutoka kwa ndugu zake Pemba, kimefungwa kwa kitambaa. Hajui kusoma tarakimu za mizani vizuri lakini sasa huniita, "Njoo uone, imeandika kumi na ngapi?"

Kuna mwingine niliyemdhulumu bila kujua, binti yangu mkubwa. Nilimkuta chooni anakula biskuti, amejifungia, maji yamefunguliwa ili nisisikie karatasi. Ana miaka kumi na moja. Ramadhani ile futari yetu ilikuwa bila kaimati, bila tambi za sukari, bila mihogo ya nazi, ili Babuu asione. Nikafikiri nalinda mmoja, kumbe nimewafungisha wawili. Sasa tumeweka utaratibu, Babuu anakula kwanza pamoja na baba yake, halafu baba anamtoa ufukweni, sisi tunapanga mkeka wetu.

Kuhusu usonji. Najua ndicho wengi mnachotaka kusikia, maana kwenye simu zetu zinapita video za watu wanaosema keto inafuta usonji. Yule dada alinikata siku ya kwanza: "Ushahidi tulionao ni wa kifafa. Kwa usonji tafiti ni ndogo, usinunue matumaini hayo." Niliyanunua kimya kimya. Kila asubuhi nilikuwa namwambia Babuu, sema mama. Hajasema. Alichobadilika ni kwamba analala usiku mzima, na asubuhi anaamka yupo, siyo yule mtoto wa ukungu aliyekuwa kila siku ametoka kushikwa. Akitaka bati la vifungo ananishika mkono ananipeleka hadi kwenye kabati. Zamani alikuwa analia tu, mimi nikakisia. Kwangu ni kikubwa. Lakini bado anapiga kichwa ukutani mashine ya jirani ikilia, bado skuli ya kwanza tuliyoiomba ilimkataa, na bado ana usonji, na atakuwa nao akiwa na ndevu, in sha Allah.

Kifafa chenyewe leo ni mara moja kwa siku mbili au tatu, mara nyingi karibu na alfajiri, akiwa kitandani. Cha kuanguka hatujakiona tangu mwezi wa saba. Dawa moja daktari ameiondoa, kidogo kidogo. Mbili zimebaki. Huko ndiko tulikofika, alhamdulillah.

Bi harusi mmoja, sitasema wa lini wala wa mtaa gani, alipomwona Babuu akishikwa dukani kwangu hakurudi nyuma kama wengine. Alipiga magoti, akamlaza ubavu, akatazama saa yake. Baadaye akaniambia naye ana kifafa, na mchumba hajui, na mama yake amemwapisha asiseme mpaka ndoa ipite. Tulikaa hadi Magharibi. Nilimkumbusha yule mwanamke mweusi katika hadithi ya Ibn Abbas, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kwa sababu anaanguka kifafa na nguo zinamfunuka. Akapewa hiari, asubiri na Pepo iwe yake, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba dua asifunuke, naye akaombewa. Hadithi hii watu wameitumia kuniambia niache kuhangaika na mizani. Nilimuuliza ustadhi wa madrasa ya binti yangu, akaniambia Mtume huyo huyo ametuamrisha kujitibu, na yule mwanamke alichagua kwa ajili ya nafsi yake, hakumchagulia mtoto mchanga. Mimi kilichonishika zaidi ni kwamba alikwenda akasema, nina kifafa. Hakufichwa.

Yule binti alikuwa anatumia valproeti. Dada zangu, kama unatumia dawa hiyo na unakaribia kuolewa, nenda kwa daktari kabla ya ndoa, siyo baada ya mimba. Inaweza kumdhuru mtoto tumboni, viungo vyake na akili yake, na zipo dawa nyingine za kubadilishiwa. Usiiache mwenyewe. Alikwenda. Mchumba aliambiwa, na shela nililimaliza mimi.

Sasa niwaambie kinachonikosesha usingizi mwaka huu. Kila Idd namshonea Babuu kanzu mpya. Hizi mbili za mwisho nilipima kwa mkono wangu mwenyewe, na katika mwaka mzima urefu wake uliongezeka chini ya inchi moja. Dada yake umri ule alikuwa ananivunjia mapindo kila baada ya miezi mitatu. Daktari amekiri, chakula hiki kinaweza kudumaza kimo, kinaweza kuleta mawe kwenye figo, kinaweza kupandisha mafuta ya damu. Ndiyo sababu tunapimwa kila baada ya miezi, na ndiyo sababu kwa kawaida watoto hukaa nacho miaka miwili hivi, halafu kinaanza kupunguzwa pole pole na kuangaliwa. Wako ambao utulivu unabaki hata wakirudi kwenye wali. Wako ambao kifafa kinarudi.

Miaka miwili ya Babuu inatimia baada ya Idd. Mume wangu anataka tuanze kupunguza, anasema mtoto akue. Mimi nafikiria ile kofia ya sponji iliyoko juu ya kabati na sitaki kuishusha. Tumegombana mara mbili kwa hilo, kwa sauti ya chini, watoto wamelala. Boti tumeshakata tikiti, Jumatatu ya kwanza ya Shawwal.

Kanzu nimeikata jana, kwa sababu Ramadhani ikiingia sitapata nafasi, magauni ya Idd yananisubiri hadi dirishani. Nguo nyeupe laini, haina lebo shingoni maana lebo inamkera. Chini nimemwachia pindo la inchi tatu.